Ahadi ni Deni, Lakini ni Deni la Nani?

"Ahadi ni deni." Wahenga walipoitunga methali hii hawakutumia zaidi ya maneno matatu. Hawakusema ni ahadi ya nani, wala hawakutaja deni hilo hulipwa kutoka mfuko upi. Yamkini hawakuona haja ya kufanya hivyo. Katika jamii waliyoishi, aliyeahidi alijulikana kwa jina lake na kwa mlango wa nyumba yake, na aliposhindwa kulipa, fedheha ilimwangukia yeye na ukoo wake. Haikuwapitikia kwamba ingewadia siku ambapo mtu angeahidi leo, afilisike kesho, na keshokutwa ahadi yake ilipwe na watu milioni mia tatu wasiomjua, wasioulizwa, na ambao wengi wao wenyewe wanahangaikia paa la kulalia. Siku hiyo iliwadia nchini Marekani mwezi wa Machi mwaka 2009, na kelele zilizopigwa wakati huo hazijanyamaza kabisa hadi leo.

Kisa chenyewe kinafahamika kwa wengi, lakini aghalabu husimuliwa kuanzia mkiani. Yafaa kisimuliwe kuanzia kichwani. AIG ilikuwa kampuni kubwa ya bima iliyotanda pembe zote za dunia. Ndani yake mlikuwa na kitengo kidogo kilichoshughulikia bidhaa za kifedha, chenye watu wapatao mia nne, ambao ofisi zao zilikuwa katika mji wa Wilton, jimboni Connecticut, na jijini London. Kitengo hicho hakikuuza bima ya nyumba wala ya uhai. Kiliyauzia mabenki mikataba iliyofanana na bima: benki ililipa ada ndogo kila mwaka, nacho kikaahidi kuifidia iwapo mikopo fulani haingelipwa. Kwa kuwa mikataba hiyo haikuhesabiwa kuwa bima mbele ya sheria, haikubanwa na kanuni zinazoilazimisha kampuni ya bima kuweka akiba ya kulipia madai. Maadamu bei za nyumba nchini Marekani zilizidi kupanda, ada zilitiririka na ahadi zikarundikana. Bei zilipoporomoka, wenye mikataba wakabisha hodi, na ikadhihirika kwamba nyuma ya ahadi hizo hapakuwa na akiba ya kuzilipa.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilikimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi. Siku iliyofuata, serikali ya Marekani, ikichelea kwamba anguko la AIG lingeyakokota mabenki mengine mengi, ilikubali kuikopesha kampuni hiyo hadi dola bilioni 85 kupitia Benki Kuu, na kwa upande wake ikatwaa asilimia 79.9 ya umiliki. Kiasi hicho hakikutosha. Miezi iliposonga, jumla ya fedha zilizotengwa ili kuinusuru AIG ilifika takriban dola bilioni 182.

Hata hivyo, kabla ya kunusuriwa huko, yaani mapema mwaka 2008, kitengo kile kilikuwa kimetia saini mikataba mingine, safari hii na wafanyakazi wake wenyewe. Dalili za tufani zilikuwa zimekwisha kuonekana, na wakuu walihofia kwamba wajuzi wao wangehamia kwingine. Kwa hiyo waliwaahidi kwamba yeyote ambaye angebaki angelipwa kwa mwaka huo kiasi kisichopungua alichopata mwaka 2007, hata kama biashara ingeharibika. Biashara iliharibika kupita kiasi. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2008 pekee, AIG ilipata hasara ya dola bilioni 61.7, ambayo hadi wakati huo ilikuwa kubwa kuliko hasara yoyote ya robo mwaka katika historia ya makampuni ya Marekani. Hasara ya mwaka mzima ilikuwa dola bilioni 99.3. Kisha, katikati ya Machi 2009, habari zikaenea kwamba watumishi wa kitengo hicho hicho wamelipwa bonasi za jumla ya dola milioni 165.

Hapo ndipo neno lenyewe linapostahili kutazamwa kwa makini. Bonasi ni neno la kukopwa, na asili yake ya mbali ni Kilatini, ambako lilibeba maana ya kitu chema. Kiswahili kilikuwa tayari na msamiati wake wa ihsani: zawadi, tuzo, takrima, bahashishi. Maneno haya yana sharti moja lisilotamkwa, kwamba aliyepokea ametenda jambo lililomridhisha aliyetoa, au walau hakumdhuru. Tuzo hutuzwa aliyeshinda, na bahashishi hupewa aliyehudumu vyema. Hakuna anayemtunuku nahodha aliyeipasua jahazi mwambani ilhali abiria wangali wanaelea majini.

Mkulima mdogo wa chai nchini Kenya anaifahamu bonasi kuliko wasomi wengi. Yeye huchuma majani mwaka mzima akilipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kila kilo anayopeleka, kisha, baada ya hesabu za mwaka kufungwa, hupokea malipo ya pili ambayo yeye na jirani zake huyaita bonasi. Bei ya chai ikinawiri mnadani Mombasa, bonasi hunona. Bei ikianguka, bonasi hukonda, na mkulima hunung'unika na pengine kuandamana, lakini hashangai kwamba soko na mfuko wake vimefungwa kwa kamba moja. Karo ya watoto na mabati ya nyumba huisubiri hesabu hiyo. Mkulima huyo angeambiwa kwamba kuna mahali duniani ambapo bonasi ya mwaka wa njaa hulazimika kulingana na bonasi ya mwaka wa neema, na kwamba anayejazia pengo hilo ni mpita njia, angedhani anasimuliwa hekaya.

Wamarekani nao walidhani hivyo, kisha wakagundua kwamba si hekaya. Wakati huo nchi yao ilikuwa ikipoteza ajira zaidi ya laki sita kila mwezi, na zaidi ya watu 8 katika kila 100 wa nguvukazi hawakuwa na kazi. Rais Barack Obama, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili na nusu Ikulu, alihoji hadharani wahusika wangewezaje kuwatazama walipakodi usoni. Seneta Charles Grassley wa Iowa alivuka mipaka ya staha aliposema redioni kwamba wakuu wa kampuni hiyo wafuate mfano wa Wajapani, wainamishe vichwa na kuomba radhi, kisha wajiuzulu au wajitoe uhai, kauli ambayo baadaye aliilegeza. Andrew Cuomo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, alifichua kwamba watu 73 walikuwa wamepokea dola milioni moja au zaidi kila mmoja, na kwamba 11 kati yao walikuwa wamekwisha kuiacha kampuni. Bonasi iliyopewa jina la kuwabakisha watu ilikuwa imewalipa waliokwisha kuondoka! Tarehe 19 Machi 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 328 dhidi ya 93, mswada wa kutoza kodi ya asilimia 90 juu ya bonasi za watu wenye kipato kikubwa katika makampuni yaliyopokea zaidi ya dola bilioni 5 za msaada. Siku mbili baadaye, basi la waandamanaji lilizunguka vitongoji vya matajiri huko Connecticut likipita kwenye malango ya wakuu wa AIG. Waandishi wa habari walikuwa wengi kuliko waandamanaji.

Mchunguzi mtulivu angeweza kuuliza: kelele zote hizi ni za nini? Dola milioni 165 zikigawanywa kwa dola bilioni 182 hazifiki hata senti kumi katika kila dola mia moja. Kwa kila Mmarekani, mkubwa kwa mdogo, zilikuwa kama nusu dola. Je, taifa zima linaweza kupandwa na mori kwa ajili ya nusu dola?

Jibu limo katika methali nyingine: ukila na kipofu usimguse mkono. Kipofu anayekula sinia moja na mwenye macho hajui minofu mingapi imeondolewa. Anaendelea kumega ugali wake kwa imani. Lakini mkono wake ukiguswa, hushtuka na kuanza kuhesabu. Mwishoni mwa juma lile lile ambapo habari za bonasi zilienea, AIG ilitangaza pia majina ya mabenki yaliyolipwa kutokana na fedha zilizotolewa kuinusuru. Goldman Sachs ilikuwa imepata dola bilioni 12.9, Société Générale ya Ufaransa bilioni 11.9, Deutsche Bank ya Ujerumani bilioni 11.8, na Barclays ya Uingereza bilioni 8.5. Kwa sehemu kubwa mabenki yaliyokuwa na mikataba ile iliyofanana na bima yalilipwa thamani yote, bila kuombwa yasamehe hata senti moja katika dola. Hiyo ndiyo minofu. Hata hivyo, fedha hizo zilipita kwa lugha ngumu ya wahasibu, lugha ambayo mwananchi wa kawaida hana kamusi yake. Bonasi ilikuwa neno analolijua. Bonasi iligusa mkono.

Haitakuwa haki kuueleza upande mmoja tu. Waliotetea malipo yale hawakudai kwamba yalistahiliwa. Hoja yao ilikuwa moja tu: mkataba ni mkataba. Lawrence Summers, mshauri mkuu wa Rais Obama katika mambo ya uchumi, alieleza kwenye runinga kwamba Marekani ni nchi inayotawaliwa na sheria, kuna mikataba, na serikali haiwezi kuivunja hivi hivi. Edward Liddy, aliyeletwa kuiongoza AIG baada ya kunusuriwa na ambaye mwenyewe alilipwa mshahara wa dola moja kwa mwaka, aliyaita malipo hayo jambo la kuchukiza, lakini akasema wanasheria wamemshauri kwamba hana budi kulipa. Sheria ya Connecticut, walisema, ingeweza kumruhusu mtumishi aliyenyimwa ujira wake adai maradufu. Aidha, sheria ya kufufua uchumi iliyotiwa saini mwezi wa Februari 2009 ilikuwa na kifungu kilichozilinda bonasi zote zilizoafikiwa kabla ya tarehe 11 ya mwezi huo.

Hoja hii si ya kubezwa. Mkataba ni ngao ya mnyonge kabla ya kuwa upanga wa mwenye nguvu. Serikali ikizoea kuichana mikataba kila umma unapohamaki, atakayeumia kwanza si mwenye wakili wa kumtetea mahakamani. Ni mwenye duka, mpangaji na kibarua. Anayefurahia kuona karatasi ya tajiri ikichanwa leo ajiulize ni nani atakayeilinda karatasi yake kesho. Hata Seneti ya Marekani ilisita. Mswada wa ile kodi ya asilimia 90 uliishia njiani na haukuwa sheria.

Lakini kanuni hupimwa kwa namna inavyowatendea watu walio mbalimbali. Kama mkataba ni kitu kitakatifu, basi na uwe mtakatifu kwa wote. Miezi mitatu tu kabla ya ghadhabu ya AIG, yaani tarehe 19 Desemba 2008, serikali ya Rais George W. Bush ilitangaza kuyakopesha makampuni ya magari ya General Motors na Chrysler dola bilioni 17.4. Masharti yaliandikwa mapema na kwa wino mzito. Chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari kilitakiwa kukubali gharama za kazi zishushwe zilingane na zile za makampuni ya kigeni yenye viwanda nchini humo, na mfuko wa matibabu ya wastaafu ukatakiwa kupokea nusu ya fedha ulizoahidiwa katika sura ya hisa za makampuni ambayo tayari yalikuwa yanachungulia kaburi. Wafanyakazi hao nao walikuwa na mikataba. Mikataba hiyo ilikuwa imejadiliwa na kutiwa saini. Hakuna mshauri wa Rais aliyejitokeza kwenye runinga kusema kwamba ahadi waliyopewa haiguswi. Waliambiwa kwamba kampuni iko taabani, na kwamba kila mmoja ajitoe mhanga. Wakajitoa.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mamilioni ya Wamarekani walikuwa wamekopa ili wanunue nyumba, na thamani ya nyumba hizo ikaanguka chini ya deni lenyewe. Sheria ya ufilisi ya nchi hiyo inamruhusu hakimu kupunguza baadhi ya madeni ya aliyefilisika, lakini haimruhusu kupunguza deni la nyumba anayoishi mdeni. Palitolewa pendekezo la kuibadilisha sheria hiyo. Tarehe 30 Aprili 2009, wiki sita tu baada ya kelele za bonasi, Seneti ililikataa kwa kura 51 dhidi ya 45. Mkataba wa mwenye nyumba ulibaki vile vile, nukta kwa nukta, na familia nyingi zikaendelea kutolewa majumbani mwao.

Ukiyaweka mambo haya matatu ubavu kwa ubavu, sura inajichora yenyewe. Mkataba uliomnufaisha mfanyakazi wa kiwandani ulilegezwa. Mkataba uliomfunga mwenye nyumba ulikazwa. Mkataba uliomnufaisha mwuzaji wa hatari za kifedha uliheshimiwa hadi senti ya mwisho. Karatasi zote tatu zilikuwa na saini. Tofauti ilikuwa kwa wenye saini. Hili ndilo lililouchoma umma moyo, ingawa wengi hawakuwa na maneno ya kulieleza na badala yake wakashikilia ile milioni 165 kana kwamba ndiyo donda lenyewe.

Isitoshe, hoja ya mkataba ilificha ukweli mmoja mwepesi. Kampuni iliyotoa ahadi zile ilikuwa, kwa kipimo cha kawaida cha biashara, imekwisha kufa. Kama serikali isingeingilia kati tarehe 16 Septemba 2008, AIG ingeifuata Lehman Brothers, na waliodai bonasi wangepanga foleni pamoja na wadai wengine mbele ya mahakama ya ufilisi, wakingojea mabaki. Hiyo ndiyo ingekuwa thamani halisi ya ahadi yao. Kilichoifufua ahadi hiyo na kuirudishia thamani kamili ni fedha za umma. Kwa maneno mengine, aliyeahidi alikuwa marehemu, na aliyelipa alikuwa jirani aliyekuja matangani. Kumwambia jirani huyo kwamba "ahadi ni deni" ni kuitumia hekima ya wahenga kinyume cha walivyokusudia. Ahadi ni deni la aliyeahidi. Jirani hakuahidi chochote.

Mambo hayakuwa tofauti sana ng'ambo ya bahari. Nchini Uingereza, benki ya Royal Bank of Scotland ilinusuriwa kuanzia Oktoba 2008 kwa fedha za umma ambazo hatimaye zilifika pauni bilioni 45.5. Fred Goodwin, aliyekuwa mtendaji mkuu wake, aliondoka akiwa na umri wa miaka 50 na malipo ya uzeeni ya takriban pauni 703,000 kwa mwaka. Habari hizo zilienea mwezi wa Februari 2009, benki yenyewe ikitangaza hasara ya pauni bilioni 24.1. Waziri Harriet Harman alisema kwamba mkataba huo huenda ukakubalika mbele ya mahakama za sheria, lakini haukubaliki mbele ya mahakama ya umma. Mwezi uliofuata, vioo vya madirisha ya nyumba ya Goodwin jijini Edinburgh vilivunjwa. Mnamo Juni mwaka huo alikubali malipo yake yapunguzwe hadi pauni 342,500 kwa mwaka, na mwaka 2012 akavuliwa lakabu ya "Sir" aliyokuwa ametunukiwa.

Kuvunjwa kwa madirisha kunaelekeza kwenye upande wa pili wa ghadhabu, ambao mwandishi yeyote mwadilifu hana budi kuugusa. Hasira ya umma ina masikio makali, lakini macho yake ni mafinyu. Husikia kelele kutoka mbali, lakini ikifika haichagui wa kumpiga. Mtu aliyekuwa kiongozi wa kitengo kile cha AIG, Joseph Cassano, alikuwa amepata takriban dola milioni 280 katika miaka minane, na alipong'atuka mwaka 2008 aliendelea kulipwa dola milioni moja kila mwezi kama mshauri hadi kampuni iliponusuriwa. Basi la waandamanaji lilipokuja, fedha hizo zilikuwa zimekwisha kutiwa kibindoni. Waliokutwa ni waliobaki. Miongoni mwao alikuwamo Jake DeSantis, ambaye barua yake ya kujiuzulu ilichapishwa gazetini tarehe 25 Machi 2009. Alieleza kwamba hakuhusika na mikataba iliyoiangamiza kampuni, kwamba alifanya kazi kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka akiitegemea ahadi ya bonasi, na kwamba bonasi yake, dola 742,006.40 baada ya kodi, angeitoa yote kwa wanaotaabika kutokana na msukosuko wa uchumi. Wapo walioisoma barua hiyo wakacheka, maana kiasi hicho ni kikubwa mno kwa mtu anayejiita mdhulumiwa. Lakini wafanyakazi wa AIG walikuwa wakishauriwa wasivae nembo ya kampuni barabarani na wasitembee peke yao usiku, na Liddy alikuwa ameeleza mbele ya wabunge jinsi baadhi yao walivyotishiwa maisha. Haki inayomtafuta mkosaji kwa nembo ya shati lake si haki.

Tena, ghadhabu ile ile iliweza kugeuzwa imwelekee mnyonge. Mwezi mmoja kabla ya suala la bonasi, tarehe 19 Februari 2009, mtangazaji wa runinga Rick Santelli alisimama katika ukumbi wa soko la Chicago akafoka dhidi ya mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo. Aliwauliza wafanyabiashara waliomzunguka ni nani kati yao angependa kumlipia jirani yake deni la nyumba, nao wakamzomea jirani huyo asiyekuwapo. Kutokana na moto mmoja zikazaliwa harakati mbili zisizosalimiana: moja iliyoilaani serikali kwa kuwasaidia walioshindwa, na nyingine, iliyopiga kambi karibu na Wall Street kuanzia tarehe 17 Septemba 2011, iliyoilaani kwa kuwasaidia walioshinda siku zote. Kila upande ulikuwa na neno moja mdomoni, "mlipakodi", na kila upande ulimkusudia mtu mwingine.

Yako mambo yaliyofanyika baadaye. Mwezi wa Juni 2009 mwanasheria Kenneth Feinberg aliteuliwa kukagua malipo ya wakuu katika makampuni saba yaliyopokea msaada mkubwa kupita kiasi, na mwezi wa Oktoba aliipunguza sana mishahara yao ya fedha taslimu. Mikataba ya zamani ya AIG haikuwa chini ya mamlaka yake, na Februari 2010 kampuni ikalipa tena takriban dola milioni 100 kwa watumishi wa kitengo kile, baada ya wengi kukubali kupunguziwa sehemu. Hatimaye, mnamo Desemba 2012, serikali ya Marekani iliuza hisa zake za mwisho katika AIG na kutangaza kwamba umma umerudishiwa fedha zake zote, pamoja na faida ya dola bilioni 22.7. Waingereza hawakubahatika hivyo. Hisa zao za mwisho katika benki iliyokuwa Royal Bank of Scotland ziliuzwa mwezi wa Mei 2025, na kati ya zile pauni bilioni 45.5, zilizorudi zilikuwa takriban bilioni 35.

Wapo wanaosema kwamba faida ile ya Marekani inaonyesha kuwa ghadhabu ya 2009 ilikuwa bure. Mlipakodi amerudishiwa chake na cha juu, analalamikia nini? Hoja hiyo inachanganya hesabu na haki. Ng'ombe aliyechukuliwa bila ruhusa na kurudishwa na ndama hageuki kuwa ng'ombe aliyeazimwa. Aidha, waliorudishiwa si wote waliopoteza. Hazina ya serikali ilijaa tena, lakini familia iliyotolewa nyumbani mwaka 2009 haikupewa ufunguo mwaka 2012, na mstaafu wa kiwanda cha magari aliyepunguziwa haki zake hakupelekewa barua ya shukrani yenye faida ndani. Mchuma janga hula na wa kwao, wasema Waswahili. Hapa wachuma janga walilila na watu wasiokuwa wa kwao, na mavuno ya miaka ya neema walikuwa wamekwisha kuyala peke yao.

Kama pana funzo, basi limo katika usiku ule wa tarehe 16 Septemba 2008, si katika kelele za miezi sita baadaye. Saa ambayo mwenye kuzama anaomba kamba ndiyo saa ya kuweka masharti. Viwanda vya magari viliwekewa masharti kabla ya kupewa senti moja, kwa sababu waliobeba masharti hayo walikuwa wafanyakazi. AIG ilipewa kamba kwanza, na masharti juu ya bonasi yakakumbukwa watu walipokwisha kulipwa. Kuupigia kura mswada wa kutoza kodi ya asilimia 90 katika muda wa siku nne ilikuwa kujaribu kurekebisha kwa hasira kilichopaswa kuandikwa kwa utulivu. Majuto, kama ijulikanavyo, ni mjukuu, na huja kinyume.

Methali ya ahadi haina kosa. Kosa ni kuitumia nusu. Anayeisoma nzima huuliza maswali mawili kabla ya kulipa: nani aliahidi, na ahadi za nani nyingine zinavunjwa ili hii itimizwe? Mwezi wa Machi mwaka 2009 maswali hayo yaliulizwa barabarani, kwa mabango na kwa matusi, kwa sababu ofisini hayakuwa yameulizwa. Mkulima wa chai anayesubiri hesabu ya mwaka angeyauliza kwa sauti ya chini, na kabla majani hayajapakiwa.